Asili ya jina la ukoo Walker: "mtembeaji" au kazi ya vitambaa?

Mzizi_Mrefu

Habari za humu wakuu. Naomba msaada kuhusu jina la ukoo la Kiingereza, Walker. Orodha moja ya majina inasema maana yake ni mtembeaji. Nyingine inasema alikuwa askari wa msitu, mtu wa kuzunguka akikagua miti na wanyama wa mfalme. Ya tatu inataja kazi ya sufu, na ajabu ni kwamba Fuller na Tucker nayo yamepewa maana hiyo hiyo ya sufu. Ipi ni sahihi, na kwa nini kazi moja izae majina matatu?

Pia kuna ukoo wa Walker ninaoufuatilia, na umekwama kwenye sensa ya 1841, West Riding ya Yorkshire (sehemu ya magharibi ya kaunti hiyo, kaskazini mwa Uingereza). Mwanamume ameandikwa umri miaka 35, kazi mfumaji. Nyuma ya hapo sioni njia. Na kuna watu mtandaoni wanauza "nembo ya ukoo wa Walker". Je, ina uzito wowote kama ushahidi?

---

Mfumi_wa_Maneno

Karibu mkuu. Ni kazi ya sufu, na nitaeleza kazi yenyewe kwanza, maana bila kuielewa jina halishikiki.

Kitambaa cha sufu kikitoka kwenye mtambo wa mfumaji bado hakifai kuvaliwa. Nyuzi zimelegea, ukikiinua juani unaona mwanga unapenya, na kimejaa mafuta, kwa sababu sufu hupakwa mafuta au siagi kabla ya kusokotwa. Hapo ndipo alipoingia huyu fundi. Alikiweka kitambaa ndani ya hori lenye maji, akatia mkojo uliokaa siku kadhaa hadi ukachacha na kutoa amonia, au udongo laini maalumu unaonyonya mafuta, kisha akaingia na miguu mitupu na kukikanyaga kwa saa nyingi. Amonia na udongo viliondoa mafuta. Miguu nayo ilifanya kazi ya pili iliyo kubwa zaidi: kukaza. Unywele wa sufu una magamba madogo madogo, kama ya samaki. Ukipata unyevu, joto na msukosuko, magamba hunasana na hayaachani tena. Kitambaa kinasinyaa, kinaweza kupoteza theluthi ya upana wake, lakini kinakuwa kizito, hakipitishi upepo na hakichanuki nyuzi ukikikata kwa mkasi.

Hapo ustadi ndipo ulipo. Ukikanyaga muda mfupi mno, kitambaa kinabaki legelege. Ukizidisha, unapata kitu kinene na chembamba kwa upana, na mwenye mali anadai fidia. Ukikiacha kimekunjika mahali pamoja, mkunjo unaganda humo na hautoki tena, ndiyo maana ilibidi kukitoa kila baada ya muda, kukikunjua, kukinyoosha kwa mikono na kukikunja upya kwa namna nyingine. Na udongo usiposuuzwa ukaisha, rangi haishiki sawasawa, unapata mabaka. Baada ya kusuuza, kitambaa kilitundikwa uwanjani kwenye viunzi virefu vya mbao vyenye kulabu juu na chini, kikavutwa hadi upana unaotakiwa, kikaachwa kikauke. Wapo waliokivuta kupita kiasi ili kiuzwe kwa urefu mkubwa, mnunuzi akija kunyeshewa nacho kinarudi kilipokuwa. Sheria za zamani za Uingereza zilipambana sana na udanganyifu huo, na vitambaa vilivyokaguliwa vilipigwa muhuri wa madini ya risasi.

Sasa jina. Kwenye Kiingereza cha kale lilikuwepo neno *wealcere*, fundi wa kazi hiyo, kutoka kitenzi *wealcan*: kuvingirisha, kurusha huku na huku, kugaragaza. Wengi hueleza kwamba fundi aliitwa Walker kwa sababu "alitembea" juu ya kitambaa. Maelezo hayo yameanzia mkiani. Maana ya kugaragaza ndiyo kongwe, na maana ya kwenda kwa miguu ilikuja kushika baadaye. Kijerumani na Kiholanzi bado vina *walken* kwa kazi hii ya sufu, wala hakuna kutembea ndani yake.

Huyo askari wa msitu alikuwepo kweli. Misitu ya kifalme iligawanywa katika maeneo ya doria, na mlinzi wa eneo aliweza kuitwa *walker*. Kwa mtu mmoja mmoja huenda jina likatokea huko. Lakini ukiweka jina kwenye ramani linakaa kwenye mabonde ya wafuma sufu, wala si kwenye misitu ya mfalme. Hilo linatosha kwangu.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mtego mmoja. Biblia ya Union, Marko 9:3, inasema mavazi yalikuwa meupe jinsi asivyoweza dobi duniani kuyafanya. Huyo "dobi" ndiye Fuller wa Biblia za Kiingereza. Ni tafsiri nzuri kwa mstari ule, kwa sababu habari ni ya weupe. Lakini ukiibeba kwenye historia ya majina utapotoka: dobi hufua nguo iliyokwisha kushonwa na kuchafuka, ilhali Walker alishughulika na kitambaa kipya ambacho hakijamfikia mshonaji. Mimi husema "mkanyaga sufu", ingawa ni maneno mawili.

---

Ramani_na_Kalamu

Naongezea kwa nini ni majina matatu. Mfumi kaeleza kazi vizuri, lakini jina la kazi hiyo lilitegemea ulikuwa upande gani wa nchi majina ya ukoo yalipoanza kuganda.

Kaskazini na sehemu za kati magharibi: Walker. Kusini mashariki na mashariki, yaani Sussex, Kent, Surrey, Suffolk, Norfolk: Fuller, kutoka *fullere*, neno lililotoka Kilatini *fullo* na kutiwa nguvu na Kifaransa cha watawala Wanormani. Kusini magharibi, yaani Devon, Somerset, Cornwall: Tucker, kutoka *tucian*, ambalo kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa kutesa. Ukifikiria jinsi kitambaa kilivyopigwa, neno halikukosea. Chukua sensa ya 1881, ambayo imeorodheshwa nchi nzima, uchore majina hayo matatu kwenye ramani: mgawanyo wa Zama za Kati bado unaonekana, karne tano baadaye. Kwangu hili ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote katika somo la majina.

Mashine nazo zilifuata lahaja. Vinu vya maji vyenye nyundo kubwa za mbao vilianza kuchukua nafasi ya miguu mwishoni mwa karne ya 12. Orodha ya 1185 ya mali za mashujaa wa Hekalu (Templars, watawa wapiganaji) inataja kinu cha namna hiyo Temple Newsam, Yorkshire. Kaskazini kinu kiliitwa *walk mill*, kusini magharibi *tucking mill*, na huko Cornwall kuna mahali panapoitwa Tuckingmill hadi leo. Wales walisema *pandy*, ndiyo unaikuta ndani ya Tonypandy. Exeter, Devon, bado lipo jengo la chama cha wafumaji, wakanyaga sufu na wakata manyoya ya vitambaa, limejengwa 1471, na linaitwa Tuckers Hall. Lingekuwa York lisingeitwa hivyo.

Sasa tahadhari kubwa kwa wanaosoma nyaraka zenyewe. Makarani wa Zama za Kati waliandika Kilatini. Mtu aliyeitwa Walker mtaani kwake aliweza kuandikwa *Fullo*, na aliyeitwa Tucker vilevile *Fullo*. Kwa hiyo *Fullo* ndani ya hati ya Yorkshire usilisome "Fuller" moja kwa moja. Wahariri kadhaa wa matoleo yaliyochapwa wamefanya hivyo, na matokeo yake unapata "akina Fuller" Yorkshire ambao hawajawahi kuwepo. Daima tafuta chapa inayoonyesha Kilatini, au picha ya hati.

Kuhusu lini jina lilianza kurithiwa: baada ya Wanormani kuingia 1066 wenye ardhi walitangulia, watu wa kawaida kusini wakafuata hadi kufikia 1350 hivi, kaskazini ikachelewa hata baada ya 1400. Kipimo kizuri ni kodi ya kichwa ya 1377, 1379 na 1381. Ya 1379 kwa West Riding imesalia vizuri, na mara nyingi inataja kazi kando ya jina. Usiridhike kumwona mtu ameandikwa Walker. Angalia kazi yake. Kama jina ni Walker na kazi ni ile ile, huenda jina ni maelezo tu ya anachofanya, na mwanawe akaitwa kingine. Kama jina ni Walker na kazi ni *faber*, mhunzi, basi jina limeshaachana na kazi, limeanza kurithiwa.

---

Mpekuzi_wa_Parokia

Mkuu Mzizi_Mrefu, nijibu la tatu, la huyo mfumaji wako.

Anza kwa kuisoma sensa ya 1841 jinsi ilivyoandikwa, kwa sababu inapotosha watu wengi. Ilifanyika 6 Juni 1841. Karani aliagizwa kushusha umri wa kila aliyezidi miaka 15 hadi kigawe cha 5 kilicho chini. Kwa hiyo "35" inamaanisha popote kati ya 35 na 39, na mtu wako alizaliwa kati ya katikati ya 1801 na katikati ya 1806. Anayetafuta ubatizo wa 1806 peke yake atamkosa. Safu ya mahali pa kuzaliwa nayo ina herufi tu, Y au N, yaani ndani ya kaunti hii au nje. West Riding ni kubwa mno kwa herufi moja kukusaidia.

Hatua inayofuata si kurudi nyuma, ni kwenda mbele. Mtafute kwenye sensa ya 30 Machi 1851. Hapo umri umeandikwa kamili na parokia ya kuzaliwa imetajwa. Akiwa alifariki kati ya sensa hizo mbili, tafuta kaka au dada yake aliyeishi. Ukishapata parokia, angalia ndoa yake. Kama alioa baada ya 1 Julai 1837, usajili wa serikali ulipoanza, cheti kina jina la baba wa bwana harusi na kazi yake, na hilo peke yake linaweza kukuvusha. Kama alioa kabla, daftari la kanisa halikutaja wazazi, utapata mashahidi tu. Waandike majina yote. Shahidi mara nyingi ni ndugu.

Kisha ubatizo. Kuanzia 1813 madaftari yalikuwa na fomu zilizochapwa zenye kazi ya baba na makazi. Mtu wako ni wa kabla ya hapo, ambako kawaida unapata mstari mmoja mkavu. Lakini yuko Yorkshire, na Yorkshire ina bahati ambayo kaunti nyingi hazina. Padre William Dade wa York alibuni daftari pana, na kuanzia 1777 likasambazwa katika jimbo la York hadi 1812. Daftari la Dade lililojazwa kikamilifu lina nafasi ya mtoto katika uzao, kazi ya baba, jina la mama kabla hajaolewa, hata babu na bibi. Mstari mmoja unakupa vizazi vitatu! Tatizo ni kwamba parokia zenye watu wengi ziliona kazi ni nzito na nyingi hazikuifuata, kwa hiyo usikate tamaa ukikuta mstari mfupi.

Kosa linaloharibu miti mingi ya Walker ni hili: mtu anapata ubatizo wenye jina na mwaka unaolingana, anauunganisha, anaendelea. Jina hili limo kati ya majina 20 yanayoongoza kwa wingi Uingereza. Ndani ya parokia moja ya West Riding, kwa miaka hiyo mitano, unaweza kupata watoto wanne wenye jina lile lile la kwanza na la ukoo. Waorodheshe wote wanne. Kisha pitia madaftari ya mazishi mwaka baada ya mwaka uwaondoe waliofariki wachanga. Waliobaki wafuatilie hadi ndoa na sensa zao. Anayebaki bila makao mengine ndiye mgombea wako, na bado ni mgombea tu mpaka kitu cha pili kimuunge mkono: wosia, makazi, jina la shahidi.

Kuhusu wosia, za eneo hilo kabla ya 1858 nyingi zilipitishwa York na ziko Borthwick Institute, hifadhi ya nyaraka huko York. Mfumaji wa kawaida huenda hakuacha wosia, ila mjomba tajiri huacha na kuwataja wapwa. Na wengi husahau masjala ya hati za ardhi ya West Riding iliyoko Wakefield, iliyoanza 1704. Hata kibanda kidogo kilichouzwa au kuwekwa rehani kinaweza kuwemo, na hati zinataja baba na mwana kwa maneno.

---

Mzizi_Mrefu

Asanteni sana wakuu. Mpekuzi, nimempata 1851: umri 48, amezaliwa Heptonstall. Nimetafuta ubatizo Heptonstall 1801 hadi 1806 kwenye faharasa, hayumo. Na lile la nembo?

---

Kizazi_Y

La nembo ni jepesi. Katika sheria ya Uingereza hakuna nembo ya jina la ukoo. Nembo hupewa mtu mmoja, na hurithiwa na wazao wake wa kiume. Anayesimamia ni College of Arms, London, iliyoanzishwa 1484. Wapo watu kadhaa walioitwa Walker waliopewa nembo, kila mmoja yake. Kinachouzwa ni nembo ya mmoja wao, na haikuhusu mpaka uthibitishe unatoka kwake. Kama ushahidi ni sifuri.

Nigusie vyanzo vingine vya jina, maana wenzangu wameongelea kazi tu. Walker ni pia mahali pembeni mwa Newcastle upon Tyne, na hapo sufu haihusiki kabisa: ni "kinamasi kando ya ukuta", na ukuta ni ule wa Waroma, wa Hadrian. Familia chache za kaskazini mashariki zinaweza kutoka huko. Uskoti jina limetumika kama tafsiri ya Mac an Fhucadair, mwana wa mkanyaga sufu kwa Kigaeli. Na kwa Wamarekani, baadhi ya akina Walker ni Wajerumani waliokuja na jina la kwao.

Kwa hiyo kuhusu DNA, kuwa mwangalifu. Kromosomu Y inapita kwa baba hadi mwana kama jina linavyopita, ndiyo maana watu hupima. Lakini kila bonde lilikuwa na mkanyaga sufu wake, na kila mmoja aliweza kuanzisha ukoo wake peke yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester uliotoka 2009 ulilinganisha majina 40. Majina adimu kama Attenborough yalionyesha wanaume wengi wenye aina moja ya Y, ilhali Smith hakukuwa na tofauti na kuokota wanaume ovyo mtaani. Walker iko upande wa Smith. Wawili wenye jina hili wasipolingana, haijathibitisha kosa lolote kwenye mti. Wakilingana kwenye alama (sehemu za Y zinazopimwa) 12 au 25 tu, nayo haitoshi. Pima alama 111 au zaidi, na ulinganishe na Walker wa eneo lile lile ambaye mti wake umefika nyuma kwa karatasi.

---

Mpekuzi_wa_Parokia

Heptonstall! Hiyo inaeleza kwa nini humuoni. Umri 48 mwaka 1851 unampeleka 1802 au 1803, vizuri, inaingia ndani ya miaka ile ya sensa ya kwanza.

Heptonstall ilikuwa kanisa dogo ndani ya parokia ya Halifax, moja ya parokia kubwa kuliko zote Uingereza kwa eneo. Mtoto wa kijiji hicho aliweza kubatizwa Heptonstall, Halifax yenyewe, au kwenye kanisa dogo jirani lililo chini ya kilima. Faharasa nyingi hutenganisha haya, hivyo uliyetafuta "Heptonstall" umefungua droo moja tu.

Pili, bonde lile la juu la Calder lilikuwa ngome ya Wamethodisti na Wabaptisti. Kanisa la Wamethodisti la Heptonstall lenye pembe nane ni la 1764. Madaftari ya madhehebu hayo mengi yalikusanywa na serikali baada ya 1837, na yako Hifadhi ya Taifa huko Kew kwenye mfululizo unaoitwa RG 4, yanasomeka mtandaoni. Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga, kwa hiyo kwao tafuta daftari la kuzaliwa, usitafute ubatizo. Ndoa zao lakini utazikuta Anglikana, kwa sababu sheria iliyoanza 25 Machi 1754 ilimlazimu kila mtu kufunga ndoa huko isipokuwa Wakweka na Wayahudi. Tafuta ndoa Heptonstall na Halifax zote mbili, kwa herufi pia za Walkar na Wawker.

Na usiishie kwenye faharasa. Fungua picha za madaftari ya 1802 hadi 1804 uzisome ukurasa kwa ukurasa. W kubwa ya mwandiko wa wakati ule ikifuatwa na a iliyobanwa, anayenakili huiona "Malker" au "Watker", na mtu wako anapotea akiwa mbele ya macho yako.

---

Ramani_na_Kalamu

Nyongeza fupi kwa Heptonstall: ilikuwa chini ya umwinyi wa Wakefield (manor, eneo la bwana wa ardhi lenye mahakama yake), ambao daftari za mahakama yake zinaanzia 1274 na kuendelea hadi 1925. Ukifanikiwa kuufikisha ukoo karne ya 17, hamia huko, kwa sababu kila aliyerithi kipande cha ardhi ya kimwinyi alifika mbele ya mahakama na jina la marehemu likatajwa pamoja na la mrithi. Hadi 1733 ni Kilatini, ukiacha miaka ya utawala wa Cromwell. Na kumbuka kwamba kabla ya 1752 mwaka ulianza 25 Machi: tarehe iliyoandikwa 10 Februari 1690 kwetu ni 1691. Iandike 1690/91 tangu siku ya kwanza, usije ukamkuta mtoto amezaliwa kabla ya harusi ya wazazi ukadhani umegundua siri.